Siku Niliyomfua Dobi

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe kumi na nne, mchana baada ya kula.

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi, tena zaidi ya hizo, kutoka kwa dada yako. Hujambo wewe? Wa hapo nyumbani kwako hawajambo? Na lile jino lililokuwa likikusumbua, umeling'oa au bado unalibembeleza? Ling'oe, mdogo wangu. Ukishaling'oa utasema dada alisema. Na yule paka wako mnene, bado analala juu ya mashine ya kufulia? Mwambie kuna watu walifua kwa mikono ujana wao wote na hawakupata hata pa kuegemea.

Sisi huku ni wazima. Goti langu la kulia lina mambo yake, likitaka linakubali, lisipotaka tunakaa pamoja tunasubiri. Macho nayo, ya mbali naona, ya karibu nakisia. Chakula napata, usingizi napata, maneno ndiyo usiniulize, unanijua.

Anayeandika leo ni mwanangu, mwanao wewe pia, fundi wa madirisha ya alumini. Kalamu ni yake, maneno ni yangu. Tumekubaliana aandike kila ninachosema, asipunguze wala asipambe, hata nikimsema yeye mwenyewe. Ameguna. Andika kwamba umeguna. Haya, ameandika. Kwa kawaida huniandikia binti yake, Chiriku, lakini Chiriku leo amelala fofofo tangu asubuhi, hata chai hajanywa. Na mambo yenyewe yanamhusu yeye, kwa hiyo afadhali alale.

Chiriku unamkumbuka. Uliondoka anaota meno ya mbele, anaongea kutwa kama redio iliyokosa pa kuzimia. Sasa ni mrefu, mlangoni kwangu anainama. Alijifunza kushona, akapata kazi kwenye karakana ya sare, karakana ikafungwa. Tangu hapo akawa kimya. Anakula, anaosha vyombo, anaingia chumbani. Ukimwuliza, "Nipo, Bibi." Mtu akikuambia yupo, ujue hayupo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Chumbani kwake ana kompyuta, na kwenye kompyuta kuna gemu. Nilifikiri ni zile za mpira au za magari. Siku moja nikaenda kukaa naye kitandani nione kinachomfungia ndani. Mdogo wangu! Ni hoteli. Hoteli kubwa imefungwa, taa zinawaka nusu, zulia limeoza, na wewe unatembea peke yako kwenye ujia unatafuta mlango wa kutokea. Huna kisu, huna fimbo, huna hata mwiko. Ukisikia maji yanadondoka, to, to, to, ujue anakuja. Ukimbilie kwenye kabati la mashuka, ufunge mlango, usipumue. Na huyo anayekuja anaitwa Dobi.

Ndiyo, Dobi. Jitu limefunikwa mashuka machafu yaliyolowa, halina uso, mdomo uko tumboni umejaa meno, na mikono mirefu inakaribia sakafu. Linakamata wageni, linawakamua kama nguo. Nikamwuliza Chiriku, huyu dobi alikosewa nini? Akasema kwenye gemu hawasemi. Nikamwambia mimi najua. Wageni walifutia viatu kwenye taulo nyeupe. Basi akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu karakana ifungwe. Wewe uliyepiga pasi mashuka ya hoteli na mimi niliyeyafua, tunajua kwamba yule Dobi ana haki yake.

Yule msimamizi wetu mwenye shingo ndefu, unamkumbuka? Aliyekuwa akipitisha kidole kwenye pindo la shuka akitafuta unyevu? Juzi nimemwota. Lakini nisipotee njia.

Kuna watu hukusanyika kwenye ukumbi mkubwa mara moja kwa mwaka, wamevaa kama watu wa kwenye katuni na gemu. Si watoto, watu wazima, wengine wana ndevu! Wanapanda jukwaani mmoja mmoja, wanatazamwa, waliotengeneza vizuri wanapewa zawadi. Chiriku akaamua kumtengeneza Dobi aende naye. Na huyu baba yake anayeandika alikuwa ameshamtafutia nafasi kwenye zahanati ya meno, ya kukaa mapokezi na kuita majina. Kazi safi, ya kukaa kitini, ya kuvaa shati jeupe. Wakamwambia aanze Jumatatu, yaani kesho.

Tukiwa mezani, Chiriku akasema hataki kuita majina ya watu wenye meno mabovu, anataka kutengeneza vitu kama hivi. Baba yake akaweka kijiko chini. Nakumbuka maneno yake, na yeye anayakumbuka, ndiyo maana anaandika polepole. Alisema, "Sisi ukoo wako tutakusifu hata ukishona gunia. Nenda huko ukumbini. Mtu mmoja tu, mmoja, asiye ndugu wala rafiki, akikuambia anataka umfanyie kazi, mimi nanyamaza. Asipotokea, Jumatatu unavaa shati jeupe." Chiriku akasema, "Sawa, Baba." Wakapeana mkono juu ya sahani kama watu wanaouziana kiwanja.

Basi akaanza. Laiti ungeona hiyo kazi. Mwili ni sponji ya godoro. Aliikata kwa kisu cha mkate, vipande vipande, akaviunganisha kwa gundi ya fundi viatu, ile inayolevya, tukafungua madirisha yote. Meno aliyakata kwenye dumu la mafuta, akayapasha kwenye mshumaa yakajikunja, kila moja na upande wake, kama yale ya shemeji yetu. Mikono mirefu ndani yake ina vijiti vya miavuli. Fundi viatu akampa viatu vyenye soli za mbao nene, akivaa anagusa dari. Mgongoni chupa ya maji, na kutoka kwenye chupa mpira mwembamba unaopita ndani ya mkono mpaka kwenye vidole. Maji yanadondoka kweli. Tulipojaribu mara ya kwanza yalidondokea kwenye unga.

Na vidole! Aliniomba nikae uani nishike shuka kama ninalikamua, akawa ananitazama, anachora, anapima, ananiambia, "Tena, Bibi. Polepole." Nikafikiri ananitania. Kumbe vile viungo vya vidole vyangu vilivyovimba ndivyo alivyokuwa akivitafuta. Akavitengeneza kwa sponji na soksi, akavipaka rangi. Nilipoviona vimekamilika vimelala mezani, nilificha vyangu chini ya mtandio.

Sasa mashuka. Aliokota mashuka chakavu, akayatoboa, akayapaka chai, udongo, rangi ya damu, akayaanika, akayapaka tena. Wiki tatu. Mimi wakati huo goti lilikuwa limenigomea, nilikuwa kitandani, sikuona. Niliona sponji, niliona meno, mashuka sikuyaona.

Alhamisi goti likakubali. Nikatoka uani. Chiriku alikuwa kwa fundi viatu, huyu anayeandika alikuwa kazini. Nikatazama kamba. Mdogo wangu, mashuka manane! Uchafu ambao hata ile wiki ya harusi ya wale walevi hotelini hatukuuona. Nikasema maskini mtoto, amezidiwa na kazi, nguo zimemshinda, na mimi nimelala tu kama mgeni. Mikono ikaniwasha.

Nikaloweka. Nikafua maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile damu nikaitoa kwa maji ya baridi na chumvi. Nikatia buluu ya kung'arisha, nikatia wanga wa kukazia. Matundu nikayashonea viraka, vidogo, vya mraba, kama tulivyofundishwa. Jua lilikuwa kali, yakakauka. Nikapiga pasi, nikakunja mara nne, pembe kwa pembe, nikayapanga juu ya kitanda chake. Nikakaa nikisubiri kushukuriwa.

Aliingia, akatoka. Alisimama mlangoni kwangu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema, "Bibi, umemfua Dobi." Akakaa juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Hakuinuka.

Onyesho lilikuwa Jumamosi. Alhamisi ilikuwa inakwisha. Nikavuta kigoda karibu na ndoo. Halafu nikamwambia, mjukuu wangu, inuka humo kwenye maji. Ule uchafu wako ulitoka kwa sababu ulikuwa wa juu juu, chai ya kikombe na rangi ya dukani. Mimi nimeuchukia uchafu usiotoka kuliko ninavyowachukia watu. Naujua kwa jina. Niletee misumari mibovu ya baba yako.

Ijumaa alfajiri tulikuwa uani wote wawili. Misumari yenye kutu tukaifunika na shuka lililolowa siki, tukalifunga, tukaliacha juani likapikwa. Mgomba wa jirani tukauomba shina, utomvu wake tukaukamulia kwenye mapindo. Unakumbuka yule mpishi aliyefutia ndizi kwenye vitambaa vya meza, tukalia? Hiyo hiyo. Majani ya chai tukayachemsha mpaka yakawa meusi, tukatosa mashuka yakiwa ya moto, ule moto ambao siku zote tulikuwa tukiambiana usithubutu, utaligandisha doa. Nikamwambia leo ligande. Kila nililokatazwa nililifanya. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia wapi na wapi. Hapa pawe peusi zaidi, Bibi, hapa huwa anaburuza. Hapa paache, ndipo anapofutia mikono. Mimi nilijua doa, yeye alijua Dobi.

Viraka nilitaka kuvifumua. Akanishika mkono. "Acha, Bibi. Dobi angejishonea." Nikamtazama yule mtoto. Wiki tatu alikuwa akitoboa, na sasa anasema acha. Na kweli, vilipopata kutu vile viraka vya mraba, vilitisha kuliko matundu. Tundu ni tundu. Lakini jitu linalokaa peke yake gizani likijishonea viraka kwa sindano, hilo lina mipango.

Huyu mwenye kalamu alirudi kutoka kazini akatukuta tumepakaa kutu mpaka masikioni. Akasema, "Mama, na wewe?" Nikamwambia, na mimi. Akaingia ndani. Andika, usinitazame.

Jumamosi alikubali kutupeleka kwa pikapu yake, kwa sababu Dobi haingii kwenye teksi, lakini akasema yeye atabaki garini. Dobi tukamfunga nyuma amesimama kati ya fremu za madirisha. Kwenye njia panda askari wa barabarani akatusimamisha. Akazunguka gari, akatazama juu, akauliza, "Huyu abiria wenu mbona hajafunga mkanda?" Mwanao akaanza kumweleza kwa adabu, eti huyo si mtu, afande. Mtu gani anayeeleza utani!

Ukumbini, mdogo wangu, sikujua nitazame wapi. Watu wenye mapembe, watu wa bati, msichana mwenye mabawa yanayogonga kila anayepita. Msichana huyo akaja akaniuliza kwa heshima kabisa, "Bibi, wewe umevaa nani?" Nikamwambia nimevaa nguo zangu. Akaomba tupige picha. Kutoka hapo wakapanga foleni, kila mtu anataka picha na bibi. Nilikaa nikapigwa picha mpaka shavu likachoka.

Basi zamu ya Chiriku ikakaribia. Nyuma ya pazia tukamvika. Nikavuta zipu ya mgongoni, ikafika katikati, tatata, ikaachia yote. Ilikuwa zipu mbili fupi zilizounganishwa, huku ndefu hazipatikani. Sponji ikafunguka kama mkate uliopasuliwa. Chupa ya maji ikaning'inia. Chiriku ndani ya kichwa cha Dobi haoni kitu, anasema, "Bibi, kuna nini? Bibi?" Nikamtuma mtu mmoja mwenye upanga wa mbao akimbie kwenye maegesho akamlete fundi, baba yake Chiriku.

Akaja na koleo. Niseme ukweli, alikuja mbio. Akajaribu kubana, meno ya zipu yakang'oka moja moja. Akajaribu waya. Kule mbele wakaita jina. Wakaita mara ya pili. Huyu akatupa koleo, akashika mgongo wa Dobi kwa mikono miwili, akaubana, akamwambia binti yake, "Twende."

Wakatoka. Dobi mbele, mrefu, polepole, maji to, to, to kwenye mbao za jukwaa. Na nyuma yake mwanao ameinama, ovaroli ya kazi, tepu ya kupimia inaning'inia kiunoni, jasho, macho yamemtoka, anavutwa huku na huku. Watu wakapiga ukelele! Walidhani ni sehemu ya mchezo. Walidhani ni fundi wa hoteli amekamatwa na Dobi. Ule uso haukuhitaji kuigiza, mdogo wangu, huyu tangu shule ya msingi hawezi kusimama mbele ya watu. Mtoto mmoja mbele akaangua kilio. Mwanaume mzima mwenye ngao akahama kiti.

Halafu Chiriku akasimama katikati, akashika shuka moja, akalikamua. Polepole, mkono mmoja mbele, mmoja nyuma, bega la kushoto limeshuka, na mwishoni ule mtikiso mdogo wa kutoa tone la mwisho. Watu wa ukumbini waliona jitu. Mimi nilijiona mimi, nikiwa na miaka thelathini, niko kwenye birika letu la saruji la kufulia, kule hotelini. Sikulia, usije ukasema nililia. Nilitafuta kitambaa kwa sababu ya vumbi.

Zawadi hatukupata. Ilikwenda kwa joka lenye taa. Taa hushinda kila kitu, hilo tumeshalizoea.

Lakini tukiwa nyuma ya pazia akaja mzee mmoja mwembamba mwenye miwani, kiongozi wa kikundi cha maigizo ya jukwaani. Hakumtazama usoni Dobi. Alishika pindo la shuka, akaligeuza, akatazama upande wa ndani, vile tulivyokuwa tukifanya sisi. Nikajua huyu anajua nguo. Akauliza, "Nani aliyechafua hivi?" Chiriku akasema ni bibi. Nikasema ni yeye. Mzee akasema anaandaa mchezo wa gereza, ana wafungwa kumi na wawili, na wote wanaonekana wametoka dukani asubuhi. Akamtaka Chiriku azichafue zile nguo, azizeeshe, na baada ya hapo kuna mchezo mwingine wa mabaharia. Chiriku akavua kichwa. Akaanza kuongea. Utomvu, kutu, chai, wapi mfungwa huegemea, wapi hufutia mikono, hapumui, hatui. Yule Chiriku wetu, mdogo wangu, mwenyewe.

Na huyu anayeandika alikuwa palepale. Alikuwa bado ameshika mgongo. Alisikia kila neno.

Njiani alikuwa na neno moja tu. Alisema barabara ina mashimo. Nyumbani aliegesha gari, akaenda kulala. Asubuhi ya leo amekunywa chai, akaenda uani, akarudi. Shati jeupe limepigwa pasi, liko mlangoni kwa Chiriku, nalijua kwa sababu nililipiga mimi siku ile ile niliyopiga yale mashuka. Kesho ni Jumatatu. Mtoto amelala kule hajui akiamka avae nini. Mimi sitaki kuingilia, mapatano yalikuwa yao wawili. Ila nimemwuliza sasa hivi, na wewe ukiwa shahidi: vipi, mwanangu? Amesema, "Mama, endelea na barua."

Haya, naendelea. Kulikuwa na kitu kimoja nilitaka kukuomba, huko kwenu kuna maduka ya kila namna. Lakini mwenye kalamu hapendi tuwaombe ndugu walio mbali, anasema mna shida zenu. Basi nimeacha. Ni kidogo tu, lakini nimeacha.

Nisalimie shemeji, mwambie lile koti lake bado linavaliwa. Nisalimie binti yako muuguzi na mume wake mpole, na wajukuu wote mpaka yule aliyekataa kuongea nami kwenye simu. Fundi viatu anakusalimu, anasema wewe ndiye mteja pekee aliyemrudishia kiatu kwa kuwa kimetengenezwa vizuri mno kuliko mwenzake.

Mungu akufunike, akuondolee maumivu ya jino na ya mengine usiyonitajia, na atupe siku moja tukae uani wewe na mimi, tusiwe na nguo ya kufua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kusema, na unajua ninavyosema.

(Hapo chini ni kidole gumba changu. Hiyo rangi si wino, ni kutu, haitoki.)

Mama mdogo, shikamoo. Ni mimi niliyeandika. Mama amesinzia kitini, kwa hiyo naongeza haya mwenyewe. Alichotaka kukuomba ni zipu. Tafadhali tutumie mbili, nyeusi, nzito, urefu sentimita tisini na mbili kila moja. Vazi limeanikwa uani, leo asubuhi nimelipima mara mbili. Meno yawe ya plastiki, ya chuma yalimkwaruza mgongo. Shati la zahanati nimelirudisha kabatini, na kesho asubuhi nitapita kule kuwaambia wasimsubiri. Akiamka nitamwambia. Zipu moja ni ya huyu Dobi wa sasa. Ya pili iwe akiba, maana mwakani anasema kutakuwa na wawili, na mimi sitaki kushika mgongo tena.